Harry F. Byrd

Harry Flood Byrd (10 Juni 1887 – 20 Oktoba 1966) alikuwa mwanasiasa, mwenye gazeti na mkulima wa matufaha kutoka jimbo la Virginia nchini Marekani. Alikuwa gavana wa jimbo hilo kuanzia mwaka 1926 hadi 1930, kisha mjumbe wa Seneti ya Marekani kuanzia 1933 hadi 1965. Kwa karibu miaka arobaini aliongoza mtandao wa kisiasa wa Chama cha Kidemokrasia uliotawala Virginia.

Jina lake lilianza kuvuma kutokana na kura ya maoni ya mwaka 1923. Wapiga kura wa Virginia waliulizwa kama jimbo likope dola milioni 50 kwa ajili ya kujenga barabara. Byrd aliongoza upande wa kukataa na akashinda. Barabara zikajengwa kwa fedha za ushuru wa petroli badala ya mkopo. Kanuni hiyo ya kulipa papo kwa papo iliongoza fedha za Virginia hadi miaka ya 1960, na ilichangia pia namna barabara kuu za taifa zilivyogharimiwa kuanzia mwaka 1956.

Byrd anakumbukwa vilevile kama kiongozi wa upinzani dhidi ya kuwaunganisha watoto Weusi na Wazungu katika shule za serikali. Upinzani huo ulisababisha shule kadhaa za Virginia kufungwa.

Familia na ujana

Byrd alizaliwa mjini Martinsburg, West Virginia, akakulia Winchester, mji mdogo wa kaskazini mwa Virginia katika bonde la Shenandoah. Alikuwa wa ukoo wa William Byrd II, kabaila wa karne ya 18 anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa jiji la Richmond. Hata hivyo, kufikia wakati wa kuzaliwa kwake, utajiri wa ukoo huo ulikuwa umekwisha zamani.

Baba yake, Richard Evelyn Byrd, alikuwa mwanasheria na mwenye gazeti, na aliwahi kuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la Virginia. Mama yake, Eleanor Bolling Flood, alikuwa dada wa Henry D. Flood, mbunge wa Marekani aliyekuwa na nguvu kubwa katika chama. Mdogo wake Harry, aliyeitwa Richard kama baba yao, alikuja kujulikana duniani kote kama rubani na mpelelezi wa nchi za ncha, hasa Antaktiki.

Mwaka 1903, gazeti la familia, Winchester Star, lilikuwa karibu kufilisika. Harry aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15 ili kuliendesha. Kampuni iliyouza karatasi za kuchapia ilikuwa inadai dola 2,500 na haikutaka kuendelea kukopesha. Kijana huyo akapatana nayo kwamba atanunua karatasi za kila siku kwa fedha taslimu. Gazeti liliokoka na deni likalipwa pole pole. Wengi walioandika habari za maisha yake wanaona kwamba chuki yake kwa madeni ilianzia hapo.

Mwaka 1913 alimwoa Anne Douglas Beverley, wakapata watoto wanne. Wakati huohuo alianza kupanda matufaha, na kadiri miaka ilivyopita akawa mmojawapo wa wakulima wakubwa wa zao hilo nchini Marekani.

Barabara ya bondeni

Mwaka 1908, akiwa na miaka 21, Byrd alifanywa mkuu wa kampuni ya Valley Turnpike. Kampuni hiyo ilimiliki barabara ya kulipia yenye urefu wa maili 93 (takriban kilomita 150) kutoka Winchester hadi Staunton. Kila aliyepita na gari la farasi au mifugo alilipa ushuru kwenye kizuizi, na fedha hizo ndizo zilizotengeneza barabara. Byrd aliisafiri mara kwa mara kukagua mashimo, madaraja na hesabu za wakusanyaji. Aliendelea na kazi hiyo mpaka barabara ilipokabidhiwa kwa serikali ya jimbo mwaka 1918.

Kwa hiyo, alipoingia Seneti ya jimbo mwaka 1916, alikuwa na kitu ambacho wanasiasa wenzake wengi hawakuwa nacho: alijua gharama ya kutunza barabara, na alikuwa amezoea wazo kwamba anayeitumia ndiye anayeilipia.

Wakati huo Virginia ilihitaji barabara sana. Magari yalikuwa yanaongezeka kila mwaka, lakini njia nyingi za vijijini zilikuwa za udongo na hazikupitika mvua ikinyesha. Jimbo lilikuwa na tume ya barabara tangu mwaka 1906, na mwaka 1918 likaanzisha mfumo wa barabara kuu za jimbo. Sehemu kubwa ya kazi za mikono ilifanywa na wafungwa, wengi wao wakiwa Weusi, chini ya kikosi cha barabara kilichoundwa kwa sheria ya 1906. Fedha zilikuwa chache kuliko mahitaji.

Deni la zamani

Ili kuelewa mgogoro wa mwaka 1923, inabidi kurudi nyuma hadi kabla ya Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865). Virginia ilikuwa imekopa zaidi ya dola milioni 30 kugharimia mifereji, reli na barabara. Vita vikaharibu sehemu kubwa ya kazi hizo, watumwa waliokuwa wakihesabiwa kama mali ya mabwana wao wakawa huru, na eneo la magharibi likajitenga na kuwa jimbo la West Virginia. Deni lilibaki, na riba ikaendelea kuongezeka. Kama wasemavyo Waswahili, kukopa harusi, kulipa matanga.

Katika miaka ya 1870 siasa za jimbo ziligawanyika juu ya deni hilo. Upande mmoja ulitaka lilipwe lote hata kama shule zingekosa fedha. Upande wa pili, ulioongozwa na William Mahone, ulitaka lipunguzwe. Kundi la Mahone, lililowaunganisha wapiga kura Weusi na Wazungu, lilishinda uchaguzi wa mwaka 1879, likapunguza deni na kuongeza fedha za shule. Watu wa tabaka la akina Byrd hawakusahau mambo hayo mawili: kwamba mkopo wa usafirishaji ulileta mzigo wa vizazi, na kwamba mgogoro wa deni uliwahi kuwapokonya utawala.

Katiba mpya ya mwaka 1902 ililenga kuzuia jambo la pili lisitokee tena. Iliweka kodi ya kichwa ya dola 1.50 kwa mwaka kuwa sharti la kupiga kura. Mtu alitakiwa awe amelipa ya miaka mitatu, tena miezi sita kabla ya uchaguzi. Wapiga kura Weusi karibu wote waliondolewa katika orodha, pamoja na Wazungu maskini wengi.

Kura ya maoni ya mwaka 1923

Mwaka 1920 katiba ya jimbo ilirekebishwa ili kuruhusu mkopo wa barabara kwa njia ya hatifungani. Hizi ni hati ambazo serikali huwauzia watu na benki ili kupata fedha mara moja, kisha huzirudisha pamoja na riba baada ya miaka kadhaa. Mwaka uliofuata jimbo jirani la North Carolina liliidhinisha hatifungani za dola milioni 50 na kuanza kujenga kwa kasi. Watu wa Virginia waliovuka mpaka waliona tofauti kwa macho yao.

Mwaka 1921 Henry D. Flood alifariki, na mwaka 1922 Byrd akawa mwenyekiti wa Chama cha Kidemokrasia katika Virginia. Mapema mwaka 1923 gavana E. Lee Trinkle aliita kikao maalumu cha bunge la jimbo. Kikao hicho kilifanya mambo mawili. Kwanza, kiliweka ushuru wa petroli wa senti 3 kwa kila galoni (karibu lita 3.8). Ushuru wa namna hiyo ulikuwa jambo jipya, kwani jimbo la kwanza kuutoza lilikuwa Oregon mwaka 1919. Pili, kiliamua kwamba wananchi wenyewe waulizwe mwezi Novemba kama jimbo likope dola milioni 50.

Wenye kuunga mkono mkopo walitoa hoja nzito. Barabara mbovu zilikuwa hasara ya kila siku: mazao yalichelewa sokoni, magari yaliharibika, na watoto wa vijijini walishindwa kufika shule wakati wa matope. Kwao, kungoja fedha zikusanywe kidogo kidogo kulimaanisha kuwaacha watu wa mbali wangoje miaka mingi. Kwa kuwa barabara ingetumiwa na kizazi kijacho, waliona ni haki kizazi hicho nacho kichangie gharama.

Byrd na wenzake walijibu kwa hesabu. Riba ingekula fedha ambazo zingeweza kujenga barabara nyingine. Barabara za wakati huo zilichakaa upesi, hivyo wananchi wangeweza kujikuta wanaendelea kulipia lami ambayo imeshatoweka. Waliwaonya wenye mashamba kwamba mapato ya magari yasipotosha kulipa deni, kodi ya ardhi ndiyo ingepandishwa. Walisema pia kwamba fedha nyingi zikitolewa kwa mkupuo, makandarasi watapandisha bei. Mbadala wao ulikuwa ushuru wa petroli na ada za leseni za magari: mwenye kutembea sana alipe zaidi, asiye na gari asilipe, na jimbo lijenge kila mwaka kwa kadiri ya kilichokusanywa.

Kwa hiyo ubishi haukuwa kati ya wanaotaka kodi na wasioitaka. Pande zote mbili zilijua kwamba barabara zitalipiwa na wananchi. Swali lilikuwa walipe lini, na kwa mlango upi. Wakulima wenye ardhi ndio walioshawishika zaidi na jibu la Byrd, kwa sababu liliuondoa mzigo kwenye shamba na kuuweka kwenye tangi la mafuta.

Byrd aliendesha kampeni kwa utaratibu uliokuwa mgeni katika siasa za jimbo. Aliandika barua nyingi, akawapanga watu wa kila kaunti, na kuwatumia maofisa wa mahakama za kaunti ambao walijulikana kwa wapiga kura wote wa maeneo yao. Novemba 1923 mkopo ulikataliwa kwa tofauti ya kura zaidi ya 40,000.

Ukubwa wa ushindi huo unahitaji kupimwa pamoja na idadi ya waliopiga kura. Kwa mujibu wa sensa ya 1920 Virginia ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3, karibu asilimia 30 wakiwa Weusi. Kura zilizopigwa juu ya suala la mkopo zilikuwa laki mbili hivi, yaani chini ya mtu mmoja kati ya kumi. Wengi wa walioachwa nje kwa kodi ya kichwa walikuwa watu wasio na gari wala shamba kubwa, na baadhi yao ndio waliokuwa wakikaa kwenye njia za matope. Kwa hiyo matokeo yanaonyesha maoni ya wenye kadi ya kura, lakini hayawezi kuchukuliwa kuwa maoni ya watu wote wa Virginia.

Gavana (1926–1930)

Ushindi wa mwaka 1923 ulimfungulia Byrd njia. Mwaka 1925 alimshinda G. Walter Mapp katika kura za mchujo za chama, akachaguliwa kuwa gavana akiwa na miaka 38.

Aliunganisha idara na tume nyingi za serikali zilizokuwa zikifanya kazi bila kuratibiwa. Mwaka 1928 wapiga kura walipitisha marekebisho ya katiba aliyoyapendekeza. Maofisa wa jimbo waliochaguliwa moja kwa moja walipunguzwa hadi watatu, yaani gavana, makamu wake na mwanasheria mkuu. Wengine wote wangeteuliwa. Kodi ya ardhi iliachiwa kaunti na miji. Uwezo wa jimbo kukopa ukabanwa zaidi, hivyo kanuni ya mwaka 1923 ikawa sehemu ya katiba yenyewe.

Ushuru wa petroli ulipandishwa hadi kufikia senti 5 mwaka 1928. Kwa gavana aliyesifiwa kwa kubana matumizi, hilo linaweza kushangaza, lakini lilifuata mantiki yake. Aliyekataa mkopo hakuwa na njia nyingine ya kuongeza kilomita za barabara isipokuwa kuongeza ushuru. Byrd alimaliza kipindi chake hazina ikiwa na akiba.

Mwaka 1928 alitia saini pia sheria iliyofanya mauaji ya mtu mikononi mwa kundi la watu kuwa kosa la jinai la jimbo, na kila mshiriki kuhesabiwa kuwa mwuaji. Msukumo mkubwa ulitoka kwa Louis Jaffé, mhariri wa gazeti moja la Norfolk. Sheria hiyo ilisifiwa kuwa kali kuliko zote za Kusini, ingawa haikuwahi kutumika kumtia hatiani Mzungu kwa kumwua Mweusi.

Mtandao wa kisiasa na sheria ya mwaka 1932

Katiba ya Virginia haikumruhusu gavana kushika vipindi viwili mfululizo. Byrd aliondoka ofisini mwaka 1930, lakini hakuondoka madarakani. Mtandao wake ulijengwa juu ya maofisa watano wa kila kaunti: mkuu wa polisi, mwendesha mashtaka, karani wa mahakama, mtunza hazina na mkadiriaji wa kodi. Kwa kuwa kodi ya kichwa ilipunguza wapiga kura, maofisa hao na jamaa na marafiki zao walitosha kuamua chaguzi nyingi. Mtandao huo haukujulikana kwa wizi wa fedha za umma. Nguvu yake ilitokana na uchache wa waliopiga kura.

Mwaka 1932, katika mdororo mkubwa wa uchumi, kaunti nyingi zilikuwa zimelemewa na gharama za barabara zao. Bunge la jimbo likapitisha sheria ambayo hadi leo huitwa kwa jina la Byrd. Kwa sheria hiyo jimbo lilichukua barabara za kaunti na kuzitunza kwa fedha za ushuru wa petroli. Kaunti zote ziliruhusiwa kubaki nje zikitaka, na nne tu zilifanya hivyo. Hadi leo zimebaki Arlington na Henrico. Wakulima walipata nafuu ya kodi. Kwa upande mwingine, uamuzi kuhusu barabara ya kijiji ulihamia Richmond, makao makuu ya jimbo. Ndiyo maana Virginia ina mojawapo ya mitandao mikubwa kabisa ya barabara zinazotunzwa na serikali ya jimbo nchini Marekani, ikizidiwa na Texas na North Carolina tu.

Seneta na barabara kuu za taifa

Mwaka 1933 seneta Claude Swanson aliteuliwa kuwa waziri wa jeshi la majini, na Byrd akateuliwa kushika nafasi yake. Alichaguliwa tena mara kadhaa na kukaa katika Seneti miaka 32. Ingawa alikuwa mwanachama wa Chama cha Kidemokrasia, alipinga sehemu kubwa ya mipango ya rais Franklin D. Roosevelt kwa sababu ilitumia fedha za mikopo. Tangu mwaka 1941 aliongoza kamati ya pamoja ya bunge iliyochunguza matumizi ya serikali yasiyo ya lazima, na mwaka 1955 akawa mwenyekiti wa Kamati ya Fedha ya Seneti.

Mwaka huohuo ubishi wa Virginia ulirudi kwa kiwango cha taifa. Rais Dwight D. Eisenhower alitaka kujenga barabara kuu za kuunganisha majimbo yote. Kamati iliyoongozwa na jenerali Lucius Clay ilipendekeza serikali ikope dola bilioni 20 kwa hatifungani za miaka 30. Byrd, akitumia hoja zilezile za mwaka 1923, alionyesha kwamba riba peke yake ingezidi dola bilioni 11. Alilalamika pia kwamba deni hilo lingewekwa nje ya hesabu za kawaida za serikali. Mpango wa hatifungani ukashindwa bungeni.

Mwaka 1956 bunge lilipitisha mpango mwingine. Ushuru wa petroli wa serikali kuu ulipandishwa kutoka senti 2 hadi 3 kwa galoni, na mapato yakaingizwa katika mfuko maalumu wa barabara. Serikali kuu ililipa asilimia 90 ya gharama, na majimbo asilimia 10. Mtandao uliokusudiwa ulikuwa wa maili 41,000, yaani kilomita 66,000 hivi. Byrd aliongeza kifungu kilichozuia mfuko kutumia zaidi ya mapato yake. Kifungu hicho kilileta ucheleweshaji mfuko ulipopungukiwa, na mwaka 1959 bunge likalazimika kupandisha ushuru hadi senti 4.

Upinzani dhidi ya kuunganishwa kwa shule

Mwezi Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga wanafunzi Weusi katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Mojawapo ya kesi zilizounganishwa katika hukumu hiyo ilitoka kaunti ya Prince Edward, Virginia, ambako mwaka 1951 wanafunzi Weusi wakiongozwa na msichana wa miaka 16, Barbara Johns, waligomea hali mbaya ya shule yao.

Byrd alitumia nguvu zake zote kupinga hukumu hiyo. Februari 1956 alitoa wito wa upinzani mkubwa wa majimbo yote ya Kusini, na alikuwa miongoni mwa waandaaji wa tamko la wabunge wa Kusini dhidi ya Mahakama Kuu. Mwaka huohuo bunge la Virginia lilipitisha sheria zilizomtaka gavana kufunga shule yoyote ambayo ingeamriwa kupokea watoto wa rangi zote pamoja.

Septemba 1958 shule kadhaa zilifungwa katika kaunti ya Warren na katika miji ya Charlottesville na Norfolk. Wanafunzi karibu 13,000, wengi wao Wazungu, walikosa masomo. Januari 1959 mahakama ya jimbo na ile ya serikali kuu zote mbili zilitangaza kwamba sheria hizo ni batili. Gavana J. Lindsay Almond, aliyekuwa mtu wa mtandao wa Byrd, alikubali hukumu, na Februari wanafunzi Weusi wa kwanza waliingia katika shule za Norfolk na Arlington. Byrd hakumsamehe.

Kaunti ya Prince Edward ilikataa kabisa kutoa fedha za shule, ikazifunga shule zake zote za serikali kuanzia mwaka 1959 hadi 1964, Mahakama Kuu ilipoamuru zifunguliwe. Watoto Wazungu walipata shule ya binafsi. Watoto Weusi zaidi ya 1,500 waliachwa bila shule. Wengine walipelekwa kwa jamaa katika kaunti na majimbo mengine, na wengine hawakurudi darasani tena.

Miaka ya mwisho na kifo

Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1960 Byrd hakuwa mgombea, lakini wajumbe 15 wa baraza la uchaguzi kutoka Mississippi, Alabama na Oklahoma walimpa kura zao. Alipiga kura kupinga Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965. Mke wake alifariki mwaka 1964. Novemba 1965 alijiuzulu kwa sababu ya ugonjwa, na mwanawe, Harry F. Byrd Jr., akateuliwa kushika nafasi yake. Alikaa katika Seneti hadi mwaka 1983.

Machi 1966 Mahakama Kuu, katika kesi iliyotoka Virginia, iliamua kwamba kodi ya kichwa haiwezi kuwa sharti la kupiga kura katika chaguzi za majimbo. Nguzo kubwa ya mtandao wa Byrd ilikuwa imeanguka. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 20 Oktoba mwaka huo nyumbani kwake Rosemont, karibu na Berryville, kutokana na uvimbe kwenye ubongo. Alizikwa Winchester.

Urithi

Miaka miwili baada ya kifo chake, mwaka 1968, wapiga kura wa Virginia waliidhinisha hatifungani za dola milioni 81 kwa ajili ya vyuo na hospitali za magonjwa ya akili. Safari hii orodha ya wapiga kura ilikuwa pana kuliko ile ya mwaka 1923. Katiba mpya iliyoanza kutumika mwaka 1971 ililegeza masharti ya kukopa.

Hata hivyo swali la nani alipie barabara halikuisha. Novemba 2002 wapiga kura wa kaskazini mwa Virginia na wa eneo la Hampton Roads waliulizwa kama kodi ya mauzo iongezwe ili kugharimia usafirishaji, na katika maeneo yote mawili walikataa. Katika serikali kuu, mfuko wa barabara wa mwaka 1956 bado upo, lakini ushuru wake wa petroli umebaki senti 18.4 kwa galoni tangu mwaka 1993. Tangu 2008 mfuko huo umekuwa ukiongezewa fedha kutoka hazina kuu, jambo ambalo kifungu cha Byrd kilikusudia kulizuia.

Wanahistoria wanakubaliana kwamba Byrd aliacha serikali ya jimbo yenye hesabu safi na mtandao mpana wa barabara. Wanaonyesha pia gharama yake: Virginia ilitumia fedha kidogo kwa shule, afya na huduma za maskini kuliko majimbo mengi yenye uwezo kama wake, na waliohitaji huduma hizo zaidi ndio waliokuwa hawana kura ya kuzidai. Sanamu yake iliyowekwa mwaka 1976 katika viwanja vya bunge mjini Richmond iliondolewa Julai 2021 kwa uamuzi wa bunge la jimbo. Shule moja ya kaunti ya Henrico iliyokuwa na jina lake ilibadilishwa jina mwaka 2016.